Namna ya kutambua deraya na mavazi ya wachezaji wengine kwenye The Elder Scrolls Online

The Elder Scrolls Online, gemu ya mtandaoni ya wachezaji wengi, haina kitufe cha kumkagua mchezaji mwingine. Kwenye World of Warcraft au Final Fantasy XIV unambofya mtu, dirisha linafunguka, unasoma alichovaa kipande kwa kipande. Tamriel, dunia ya gemu hii, hakuna kitu hicho. Ukimlenga mtu na kushikilia F utaweza kumwalika kwenye kundi, kumwomba urafiki, kubadilishana naye vitu au kumwita pambanoni, lakini si kusoma alichovaa. Programu za nyongeza nazo haziwezi kukusomea mavazi yake, kwa sababu gemu haizipi taarifa hiyo.

Kazi inabaki kwa macho, na macho yanahitaji mpangilio. Anza na tabaka: unachokiona ni nini hasa. Fuatia uzito wa deraya, kisha umbo la mtindo (style), yaani muundo wa sura uliopewa jina lake kwenye gemu. Rangi iwe ya mwisho kabisa, na mara nyingi hutaihitaji. Wengi huanza na rangi, wanatafuta "deraya nyeupe yenye dhahabu" siku nzima, hawaipati. Kila kipande kina sehemu tatu za kupakwa rangi, na mwenyewe amechagua zote tatu. Weupe ule ameuchagua yeye, mtindo hauhusiki.

Hatua ya 1: Jua unaangalia tabaka gani

Mhusika mmoja anaweza kuwa na tabaka kadhaa, moja juu ya jingine.

La chini kabisa ni deraya halisi, ile yenye nguvu za kupigania. Mtu asiyejali mwonekano huvaa vilivyodondoka kwa maadui: bega la Kinordi, kifua cha Kibretoni, buti za Kiorki (yote makabila ya gemu), rangi hazielewani. Ukiona mchanganyiko wa namna hiyo, usitafute siri yoyote. Seti nyingi za kudondoka huchukua mtindo wa eneo zilikotoka.

Juu yake kuna Outfit, mfumo ulioingia Februari 2018 na toleo la Dragon Bones. Hapa mchezaji anavisha sura nyingine juu ya kila kipande bila kugusa nguvu zake. Jambo la kushika ni kwamba Outfit haifuati uzito wa deraya halisi. Mchawi aliyevaa nguo nyepesi anaweza kuonekana na kifua cha chuma kizito, na askari wa ngao anaweza kuonekana na joho. Kwa hiyo usiseme "huyu ni mchawi, lazima ni kitambaa".

Kisha kuna kostyumu, vazi zima la mkupuo mmoja linalofunika deraya yote ya mwilini huku silaha zikibaki. Dalili zake: kitambaa kinatoka begani hadi kiunoni bila mahali kipande kimoja kinapoishia na kingine kuanza, na ukikaa mjini dakika chache utamwona mtu wa pili amevaa vivyo hivyo, shona kwa shona. Rangi zikitofautiana isikuchanganye, maana wanachama wa ESO Plus, usajili wa kulipia, wanaruhusiwa kupaka kostyumu rangi.

Polymorph hugeuza mwili wote, mtu akawa kiunzi cha mifupa kwa mfano. Hapo hakuna deraya ya kutambua. Ngozi za mkusanyiko, zile "Skins", hubadilisha mwili tu, lakini baadhi zina michoro na mng'ao unaoweza kudhaniwa ni sehemu ya nguo mahali palipo wazi kama mikono na shingo. Na kama kifuani kuna nembo kubwa iliyolala juu ya deraya, hiyo ni fulana ya chama, Guild Tabard. Kifua cha chini yake hutakiona vizuri mpaka aivue.

Hakikisha pia ni mtu. Tangu Juni 2021, toleo la Blackwood lilipoleta masahaba (Companions, wasaidizi wanaoendeshwa na gemu), mitaa imejaa akina Bastian na Mirri, na wao huvishwa kama bwana wao. Soma jina lililo juu ya kichwa.

Hatua ya 2: Piga picha zinazotosha

Usitegemee kumbukumbu. Msubiri mtu pale wanaposimama: benki, kwenye meza za ufundi, kwa wauzaji wa vyama. Kwenye kompyuta kitufe cha Print Screen huhifadhi picha ndani ya Documents, folda ya Elder Scrolls Online, kisha live, kisha Screenshots.

Picha nne zinatosha: mbele, ubavu, nyuma, na moja ya karibu ya bega. Ya bega usiiache, sababu yake iko chini. Kama amebeba upinde au upanga wa mikono miwili, silaha itaziba mgongo, kwa hiyo mzunguke upate pembe mbili za nyuma badala ya moja. Akishika silaha mkononi mgongo unafunguka. Wachezaji wengi huchomoa na kurudisha silaha kwa Z wakiwa wamechoka kusubiri, ukae tayari.

Mwanga unadanganya. Ndani ya pango au usiku chuma hugeuka kahawia na ngozi ya mnyama hugeuka chuma. Mchana wa nje ndio mzuri. Angalia pia mipangilio yako ya picha: ubora wa "Texture" ukiwa chini, michoro iliyochongwa kwenye bamba hupotea, na hiyo michoro ndiyo inayotenganisha mitindo inayofanana. Mtu aliye mbali huchorwa kwa ukali mdogo hata kama kompyuta yako ni nzito, kwa hiyo sogea mpaka uone mishono.

Hatua ya 3: Gawa mwili sehemu saba, toa uzito wa kila moja

Deraya ina sehemu saba: kichwa, mabega, kifua, mikono, kiuno, miguu na nyayo. Zishughulikie moja moja. Anayejua kuvaa anachanganya mitindo mitatu au minne, na ukitafuta jina moja la vazi lote utapotea.

Kwa kila sehemu amua kama ni nyepesi, ya kati au nzito. Nyepesi ni kitambaa, inaning'inia na kukunjamana. Ya kati ni ngozi, ina mikanda, bizimu na mishono minene. Nzito ni bamba la chuma lenye ukingo mgumu. Kifua chepesi huja kwa namna mbili, joho refu au shati fupi juu ya suruali. Akivaa joho, suruali imefunikwa, usipoteze muda kuitafuta.

Majina ya vipande kwenye gemu yenyewe yanataja uzito, nayo yanafaa kukaa kichwani kwa sababu ndiyo utakayoyaona kwenye orodha na kwa wauzaji:

Nyepesi: Hat, Epaulets, Robe au Jerkin, Gloves, Sash, Breeches, Shoes.
Ya kati: Helmet, Arm Cops, Jack, Bracers, Belt, Guards, Boots.
Nzito: Helm, Pauldrons, Cuirass, Gauntlets, Girdle, Greaves, Sabatons.

Angalia Helm na Helmet. Herufi mbili tu, lakini Helm ni nzito na Helmet ni ya kati. Mtu akikujibu kwamba bega lake ni "Arm Cops" za mtindo fulani, tayari umejua ni ngozi, huna haja ya kufungua orodha ya chuma.

Hatua ya 4: Soma umbo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kila mtindo una lugha yake ya umbo, nayo haipakwi rangi.

Anza na mitindo ya makabila, maana ndiyo iliyotapakaa. Ya Altmer ina mbawa na mikunjo ya kifahari. Ya Bosmer ina majani, ngozi na mifupa. Ya Nord ina manyoya na mafundo yaliyosukwa. Ya Redguard ina vilemba, na panga zake zimepinda. Ya Orc ni bamba nene lisilo na madoido. Ya Imperial inafanana na deraya ya askari wa Kirumi. Mitindo hii ya msingi ina kasoro moja ya kukera: sura hubadilika kadiri ngazi ya deraya inavyopanda, kwa hiyo kipande kilekile huja kwa matoleo kadhaa, yakiwa na namba mwishoni mwa jina. Ukipata mtindo sahihi na kipande bado hakifanani, jaribu namba nyingine kabla ya kuhama.

Mitindo ya baadaye hujitangaza zaidi. Dwemer, ya watu wa kale waliotoweka, ni mistari iliyonyooka, pembe na miraba kama magofu yao. Glass ina vipande vyenye ncha vinavyong'aa kama kioo. Akaviri ina vibapa vilivyopangwa safu kwa safu, ukiitazama unamkumbuka samurai wa Japani. Silken Ring, inayotoka kwenye shimo (dungeon) la Cradle of Shadows, imejaa buibui. Mazzatun, kutoka magofu yenye jina hilo, ina sura za mijusi na mawe ya kuchongwa. Kwa sikukuu za gemu, Hollowjack ya Witches Festival ni maboga, na Skinchanger ya New Life Festival ni ngozi ya mbwa mwitu.

Sasa lile bega. Kati ya sehemu zote saba, bega ndilo linalosema zaidi. Kifua kina eneo kubwa tambarare linalomezwa na rangi, na mitindo mingi hukutana hapo. Mikono na nyayo ni ndogo. Bega lina umbo linalotoka nje ya mwili, na wabunifu hulitumia kuweka alama ya mtindo. Tazama vitu vitatu kwa mfuatano: idadi ya bamba zilizopandana, ukingo wa bamba la chini (umenyooka, umechongoka, au umekatwa meno meno), na kile kilichopo kileleni (mwiba, kichwa cha mnyama, bawa, au hakuna). Ukiandika majibu matatu, mitindo inayobaki itahesabika kwa vidole. Linganisha pia bega la kushoto na la kulia, kwa sababu vipande vingine havifanani pande zote, na picha ya upande mmoja itakupeleka kusiko.

Kichwa kinahitaji tahadhari ya peke yake. Kofia inayowaka moto, yenye macho ya mashine au fuvu la ajabu kwa kawaida haitoki kwenye mtindo wa ufundi. Ni sura ya zimwi wa shimoni: Valkyn Skoria wa City of Ash II, Engine Guardian wa Darkshade Caverns II, Bloodspawn wa Spindleclutch II na wenzao. Mazimwi hawa wana kichwa na mabega tu, hakuna kifua cha Bloodspawn, usikitafute. Kofia pia ndiyo inayobadilika sana kwa kabila la mvaaji: ya Khajiit (watu-paka) na Argonian (watu-mijusi) huumbwa upya kufuata pua ndefu, na ukiiona juu ya kichwa cha binadamu utadhani ni nyingine. Jinsia nayo hubadilisha mkato wa kifua na kiuno ndani ya mtindo uleule.

Na kama kichwa kiko wazi, hakuna cha kutambua. Ameificha kofia, gemu inaruhusu.

Hatua ya 5: Thibitisha kwenye Outfit Station

Umeshapata washukiwa wawili watatu kwa kila sehemu. Nenda kwenye Outfit Station, ipo kwenye miji mikubwa karibu na meza za ufundi. Fungua, chagua sehemu unayoitafuta, kisha washa "Show Locked". Usipoiwasha utaona mitindo unayoimiliki tu, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kusema kipande hakipo.

Orodha ya kila sehemu imegawanywa kwa aina. Light, Medium na Heavy ni mitindo ya kawaida. Undaunted ni zile sura za mazimwi wa mashimoni. Signature ni vipande vya kipekee, na Clothing ni nguo za kawaida zisizo deraya. Kama umekosa kwenye Heavy na una uhakika ni chuma, pita Signature kabla ya kukata tamaa.

Vaa mshukiwa wa kwanza. Kuangalia ni bure. Dhahabu hutoka ukibonyeza kukubali tu. Kabla ya kulinganisha, ondoa rangi au weka rangi moja ya kijivu kwenye sehemu zote tatu, kisha weka picha yako pembeni. Ukingo, idadi ya bamba, kilele. Vikikubaliana vyote vitatu, umepata. Viwili vikikubaliana na kimoja kikakataa, umepata mtindo na kukosea uzito, au namba ya toleo.

Kumbuka unajaribu juu ya mhusika wako. Ukiwa Orc mwenye mabega mapana na uliyempiga picha ni Bosmer mwembamba, vipimo vitapotoka. Mwenye wahusika kadhaa atumie anayekaribiana na mlengwa kwa kabila na jinsia. Asiye naye afungue UESP, ensaiklopidia ya mashabiki, ambako kila mtindo una ukurasa wenye picha za mwanaume na mwanamke kwa nyepesi, ya kati na nzito. Kwa kutafuta mtindo usiojua hata pa kuanzia, UESP ni ya haraka kuliko kituo, maana unatazama seti nzima kwa mkupuo. Kwa kuthibitisha kipande kimoja kituo kinashinda, kwa sababu unakizungusha.

Jozi zinazochanganya sana ni Daedric na Xivkyn (zote miba na makali meusi), Dwemer na Apostle ya Clockwork City (zote shaba na mashine), na Yokudan na Redguard ambazo zina nasaba moja. Kwa hizi usiamue kwa picha ya mbali hata siku moja. Zivae zote mbili kwa zamu.

Hatua ya 6: Muulize

Ni hatua halali kabisa, na baadhi ya watu wangepaswa kuanza nayo. Mtumie ujumbe wa faragha kwa `/w` na jina lake, kwa Kiingereza kama huna hakika ya lugha yake. Sifia kwanza, halafu taja sehemu moja tu. Swali la "umevaa nini?" linamtaka aandike majina saba, hatajibu. Swali la mabega linamtaka jina moja. Mwambie anaweza kuliunganisha kwenye soga kutoka Collections, orodha ya vitu alivyokusanya, hapo utapata jina kamili lisilo na kosa la tahajia. Usimwandikie akiwa kwenye pambano la Cyrodiil, eneo la vita vya wachezaji kwa wachezaji, au katikati ya shimo.

Ukishajua jina, angalia linapatikana wapi

Hapa makosa hugharimu dhahabu. Mitindo mingi ya ufundi hufundishwa kwa motifu, vitabu vya kujifunzia mtindo, na motifu nyingi zimegawanywa sura 14 (kama sura za kitabu): shoka, mikanda, buti, pinde, vifua, visu, glavu, kofia, miguu, rungu, ngao, mabega, fimbo na panga. Sura moja inafungua uzito wote wa sehemu hiyo. Ukinunua sura ya mabega ya Dwemer, umepata ya kitambaa, ya ngozi na ya chuma kwa pamoja. Kwa hiyo kukosea uzito kwenye motifu hakukuumizi. Na huhitaji kitabu kizima kama unataka bega tu.

Kurasa za mtindo, Style Pages, ni kinyume. Ukurasa mmoja unafungua kipande kimoja, basi, na hauwezi kukifanyia ufundi. Hapa hakikisha jina neno kwa neno kabla ya kulipa.

Mhusika yeyote kwenye akaunti akisoma motifu, mwonekano wake hufunguka kwenye Outfit kwa wahusika wote. Msomeshe fundi wako mkuu ili naye aweze kuitengeneza. Malighafi za mtindo, kama Dwemer Frame ya Dwemer au Malachite ya Glass, zinahitajika kwa kutengeneza deraya halisi peke yake. Kwa Outfit hazihitajiki, ingawa wauzaji watafurahi kukuuzia.

Pitia duka la chama zaidi ya moja, kwani kila chama hupanga bei yake na motifu ileile inaweza kutofautiana sana mtaa kwa mtaa. Mitindo ya sikukuu hushuka bei sikukuu ikiendelea na kupanda ikipita. Hollowjack inunuliwe Witches Festival ikiwa hai. Rolis Hlaalu, muuzaji wa gemu yenyewe, naye huuza motifu kwa vocha za Master Writ (kazi maalum za ufundi), kwa wenye ufundi wa kutosha. Na kama maelezo ya kipande kilichofungwa yanataja Crown Store, duka la gemu la kulipia, wakati dukani hakimo, kiweke kwenye orodha ya kusubiri. Vitu vya duka hilo huingia na kutoka, na hakuna mchezaji mwenzako atakayeweza kukuuzia.